Kiapo cha Kutokasirika

Maji yasipotoka katika kichochoro cha Ánimas, hakuna anayempigia simu mtu wa maji. Huitwa mama mmoja aje, Otilia Bárcena. Lori la takataka likipita bila kusimama, anaitwa Otilia. Mwenye duka la kona akianza kuuza maharage yaliyonyunyiziwa maji ili yaongeze uzito, mtu hutumwa juu hadi kwenye mlango wa kijani unaonukia unga na pilipili, akaseme, "Doña Oti, hebu njoo umwone huyu." Naye hufuta mikono kwenye aproni na kushuka. Maji yakisharudi na takataka zikishaondoka, majirani wale wale humtazama anavyopanda ngazi akihema na kushika kifua, wakatikisa vichwa na kuambiana kwamba mama huyu ataponzwa na hasira zake. Shukrani ya punda ni mateke, na hapa Real del Monte, mji wa migodi ya fedha Mexico, punda wako wengi.

Alikuwa na miaka sitini na moja, mfupi, mabega mapana, mikono ya mtu aliyesukuma unga tangu utoto. Kazi yake ilikuwa kuoka paste: nyama, kiazi, kitunguu liki na pilipili ndani ya unga uliokunjwa ukingoni kama kamba iliyosokotwa, vile vile bibi yake alivyowafungashia wachimba madini waliokuwa wakishuka nazo shimoni. Siku hizi pale uwanjani wanauza paste za nanasi na za wali wa maziwa kwa wageni wa Jumapili. Otilia alipoziona mara ya kwanza aliuliza kama marehemu baba yake alichimba fedha maisha yake yote ili waje watu kutia nanasi kwenye chakula cha mchimbaji. Aliuliza kwa sauti, mbele ya duka, wateja wakiwa kwenye foleni.

Basi tuanze na siku ya mtungi, maana hapo ndipo majirani walipotoa hukumu yao.

Kichochoro cha Ánimas ni ngazi tupu tangu chini hadi juu, kwa hiyo Baldomero, muuza gesi, huegesha lori lake barabarani na kupiga kelele mpaka watu washuke. Siku hiyo Otilia alishuka na mizani yake ya unga, na mumewe Nabor nyuma yake. Aliupandisha mtungi kwenye mizani mbele ya watu wote.

"Mtungi huu umepunjwa," alisema.

"Doña Oti, hiyo mizani ni ya unga," Baldomero akajibu. "Gesi haipimwi kwa mizani ya unga."

"Kumbe kilo ya gesi ni nyepesi kuliko kilo ya unga?"

Watu wakacheka. Baldomero masikio yalimwaka, akasema debe tupu haliachi kuvuma.

"Kilicho tupu ni mtungi wako, mwanangu. Na wenyewe hauvumi hata ukiwashwa."

Alipewa mtungi mwingine, mzito. Nabor aliubeba begani, wakaanza kupanda. Katikati ya kichochoro, ukutani, kuna kijumba chenye sanamu ya Bikira Maria, Mama wa Mateso, na mishumaa yake. Pale pale moto ulimshika Otilia: ulianza chini ya mfupa wa kifua, ukapanda kooni, ukafika hadi kwenye taya kama jino bovu. Alisimama akauegemea ukuta. Nyuma yake Nabor naye aliutua mtungi, akavua kofia kumsalimia Bikira, kama alivyofanya kila alipopita hapo. Kichochoro kizima kilimsifu kwa ibada hiyo.

Walipofika nyumbani, binti yao Maricruz alikuwa ameshachanganya glasi ya dawa ya unga, inatoka povu. "Kunywa, mama. Umeshamwaga nyongo tena."

Hilo halina mjadala katika nchi hii. Mtu akikasirika, nyongo humwagika; nyongo ikimwagika, tumbo huwaka. Asile yai siku hiyo, wala parachichi, maana aliyekula parachichi juu ya hasira aagize na mshumaa wake kabisa. Anywe dawa ya povu, anywe chai ya majani machungu, alale. Chai ililetwa na Cuca, mjane wa nyumba ya pili, aliyemshika Maricruz ubatizoni. Tangu siku hiyo yeye na Otilia huitana komadre, na kwa jina hilo kila mmoja huingia jikoni kwa mwenzake bila hodi.

Hakuna aliyejiuliza jambo moja dogo. Otilia aligombana chini, akaungua katikati ya njia. Baina ya ugomvi na moto kulikuwa na ngazi. Lakini watu wakishampata mshtakiwa hawatafuti mashahidi, na hasira ya Otilia ilikuwa na rekodi mbaya.

Ilianza zamani, hasira hiyo, na ilianza kwa sababu. Mama yake, Eduviges, hakuwahi kupandisha sauti. Wakubwa wa mgodi walipomrudisha mumewe nyumbani mapafu yamejaa vumbi, na blanketi moja la ahsante, Eduviges alisema ahsante nanyi, akalikunja blanketi. Alipoanza kuumwa tumbo hakusema. Alikoroga magadi na ndimu, akanywa, miaka nenda rudi. Nguo zikampwaya, chakula kikaanza kumkwama, choo kikawa cheusi kama lami, na bado alikoroga magadi, kwa sababu kila akinywa yalimtuliza kidogo, na kutulizwa kulimtosha. Alikufa na miaka arobaini na minane. Makaburini wote walisema, alikuwa mtakatifu, hakuwahi kulalamika. Otilia alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizisikia sifa hizo zikimwagwa pamoja na udongo, akaapa moyoni: mimi sitameza.

Na hakumeza, isipokuwa kapsuli.

Kapsuli zilikuja baada ya siku ya mtungi. Maricruz alimpeleka mama yake kwenye kile chumba cha daktari kilichobanana na duka la dawa. Otilia mwenyewe ndiye aliyemweleza daktari ugonjwa kabla hajaulizwa: ni nyongo, daktari, mimi ni mtu wa hasira. Ya ngazi hakusema, wala ya taya, maana taya ni kazi ya daktari wa meno. Aliandikiwa omeprazoli, kapsuli za kupunguza asidi tumboni, moja kabla ya kifungua kinywa, kwa wiki mbili, na akaambiwa kama haitasaidia arudi achunguzwe.

Wiki mbili zikaisha. Moto haukuisha.

"Kurudi ya nini?" Cuca alimwambia. "Dawa si ni hiyo hiyo? Mimi nainywa mwaka wa ngapi huu, na sijafa. Hii ni kinga, komadre. Unaweka safu tumboni, halafu unakula unachotaka."

Hapo Ánimas huiita hivyo, kinga. Humezwa kabla ya nyama ya kukaangwa, kabla ya matanga, hata kabla ya ugomvi kwa mwenye bahati ya kuuona ugomvi unakuja. Otilia akawa anameza moja asubuhi, kisha moja asubuhi na moja jioni. Boksi lilikuwa likiisha haraka kuliko alivyomeza, akamshuku Cuca, akanyamaza kwa ajili ya udugu. Moto uliendelea na safari zake kana kwamba hakuna aliyemeza kitu.

Sikukuu ya Candelaria, mwanzoni mwa Februari, wakila tamale za unga wa mahindi jikoni, Maricruz aliweka uma chini.

"Mama, tumezungumza."

"Nyie akina nani?"

"Mimi, na baba, na mama yangu wa ubatizo." Nabor alikuwa akiichunguza tamale yake kwa makini sana. "Hatutaki ushuke tena kugombana. Utakufa kwa ajili ya ndoo ya maji."

"Hasira hasara, komadre," Cuca akaunga mkono.

"Hasara kwa nani? Maji yakirudi ndoo ya kwanza kujaa si yako?"

Cuca akacheka, maana ni kweli. Lakini Maricruz alianza kulia, na Otilia, aliyeweza kusimama mbele ya lori la takataka, hakuwahi kujua afanye nini na machozi ya mwanawe. "Mtazame baba," Maricruz alisema akijifuta kwa leso ya meza. "Miaka sabini. Hajawahi kumfokea hata kuku. Umewahi kumsikia akilalamika kiungulia?"

Wote wakamtazama Nabor. Nabor akainamisha kichwa kwa haya.

Maneno hayo yalimuuma Otilia. Usiku ule alijiambia kwamba mashtaka yenye kelele kama haya dawa yake ni kuyapeleka mahakamani. Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, alijifunga shali akaenda kanisani kula kiapo.

Wanaume wa pale huapa kuacha pombe. Mtu akishaona pulke, pombe ya kienyeji, imemshinda, hupiga magoti mbele ya Bikira, akataja muda wake, padri akampa kadi yenye picha na tarehe, naye huitembeza mfukoni. Hata mlevi wa kupindukia hamlazimishi glasi mtu mwenye kadi. Padri alipomwona Otilia kwenye foleni ya wanywaji aliinua miwani.

"Doña Otilia, sikujua kama unakunywa."

"Sinywi. Nataka kuapa kuacha hasira."

"Kadi ya hasira sina, mama."

"Futa pombe, andika hasira. Kalamu si unayo?"

Padri alifuta, akaandika. "Mpaka lini?"

"Mpaka kengele za Pasaka. Na masharti uyasikie, padri, na Bikira naye ayasikie. Moto huu ukizimika, nitanyamaza mpaka mnizike, na nitamwomba radhi hata yule mwizi wa gesi. Usipozimika, asinisogelee mtu tena na glasi ya povu."

"Hilo neno mwizi, Doña Otilia."

"Kiapo kinaanza kesho."

Kwaresima hiyo wakazi wa Ánimas hawataisahau. Baldomero alipoleta mtungi mwepesi kama kikapu kitupu, Otilia aliupokea na kusema, "Ubarikiwe, mwanangu." Baldomero alirudi kwenye lori akigeuka nyuma, kama mtu aliyekanyaga kitu asichokijua. Lori la takataka likaanza kupita bila hata kupunguza mwendo. Kisha maji yakakatika, kwa siku nyingi, watu wakawa wanaoga kwa kikombe. Wajumbe walipanda mpaka mlango wa kijani.

"Doña Oti, tunakuomba. Kakasirike kidogo tu."

Otilia aliwaonyesha kadi. "Nimekula kiapo. Nendeni nyie, midomo si mnayo."

Walikwenda watano, wamevaa vizuri. Walirudi na ahadi.

Si kwamba alikuwa hataki. Alitamani kwenda. Maneno yalimjaa mdomoni, mazuri, yaliyoiva, akayageuza nyimbo za kanisani, akaendelea kusukuma unga. Lakini kwa kuwa hakuwa na wa kugombana naye alipata nafasi ya kutazama, na alichokitazama kilikuwa moto wenyewe. Alikula mole, mchuzi mzito wa pilipili, sahani nzima, akakaa kitako akingoja, hakuna kitu. Alipanda ngazi na mfuko wa unga, akiimba, amefurahi kabisa kwa kuwa paste zote zimeuzika. Moto ukamshika kwenye kijumba cha Bikira. Akakaa kwenye ngazi, ukaondoka wenyewe. Siku za baridi na ukungu ulimshika mapema zaidi. Akimeza kapsuli, ulikuja. Asipomeza, ulikuja.

"Komadre," alimwambia Cuca, "tumbo lina macho?"

"Macho ya nini?"

"Linajuaje kwamba napanda ngazi?"

Cuca alifikiri. "Hiyo ni nyongo ya zamani. Umekasirika miaka arobaini, unadhani itatoka kwa mwezi mmoja?"

Hapo ndipo Otilia alipoona ubaya wa kesi ile. Akikasirika, ni hasira. Asipokasirika, ni hasira ya jana. Wangemfukia kaburini na Cuca angesema ilikuwa nyongo ya utotoni. Aliumia, na akaogopa pia, ingawa hilo hakumwambia mtu. Maana sasa moto ulikuwa ukimtoa jasho, na mkono wa kushoto ulikuwa ukilegea, na alipokoroga magadi akakumbuka ni mkono wa nani aliouona ukikoroga vile, aliiacha glasi mezani.

Ijumaa moja kabla ya Ijumaa Kuu, njia ya msalaba ilipanda kichochoro cha Ánimas. Otilia alikuwa na mshumaa. Kwenye kijumba cha Mama wa Mateso moto ulimshika, akakaa chini katikati ya watu, uso rangi ya jivu, jasho likimtiririka katika baridi ile. Wimbo ukakatika. Mtu alikimbia, na kabla Otilia hajavuta pumzi tatu Cuca alikuwa amepiga magoti mbele yake, kijiko kikigonga glasi, povu likimwagika vidoleni.

"Kunywa, komadre. Kunywa taratibu."

Otilia aliitazama glasi. "Leo nimemkasirikia nani?"

Watu waligeuzia macho mishumaa yao.

"Semeni, mmekusanyika wote. Kwaresima yote hii, nimemkasirikia nani?"

"Hujamkasirikia mtu, komadre," Cuca akasema polepole.

"Basi hii si yangu." Aliichukua, akaiweka miguuni pa Bikira, kati ya mishumaa. "Mama yangu alimeza mpaka akafa, mkamsifu. Mimi simezi tena. Nipelekeni hospitali ya Pachuca, kwa watu wenye mashine."

Hakupandisha sauti, kwa sababu ya kiapo, na hilo liliwatisha zaidi ya kelele zote alizowahi kupiga. Wanaume walimshusha akiwa amekalia kiti cha jikoni, Nabor akikimbilia nyuma na shali, midomo imemkauka.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamke kijana aitwaye Yunuén, mwenye sauti ya usingizi na macho yasiyosinzia. Otilia alianza kumweleza habari za nyongo kwa mazoea, daktari akamzuia kwa kiganja.

"Usiniambie ni nini, Doña Otilia. Niambie inakuja lini."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Otilia alieleza yote: ngazi, mfuko wa unga, taya, mkono, jasho, ukikaa unaondoka. Alieleza kama shahidi aliyesubiri siku nyingi kuitwa. Alipotaja ngazi tu, daktari alishaanza kumbandika nyaya kifuani na kuagiza wamtie dripu. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebaki na uwazi wa uzi. Walipitisha waya mwembamba kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, wakaacha humo kijibomba cha wavu kuushikilia mshipa ubaki wazi.

Siku iliyofuata daktari alisimama kando ya kitanda, Maricruz na Nabor upande wa pili. Maricruz alikuwa amekuja na mkoba wa mama yake, na daktari akatoa humo boksi la omeprazoli.

"Hii si sumu," alisema. "Ni dawa nzuri kwa kazi yake. Kazi yake ni asidi. Moto unaopanda ngazi pamoja nawe na kukaa ukikaa, wenye jasho, wenye taya na mkono, huo si wa asidi, na kuutuliza kwa hii ni kuziba king'ora cha moto kwa kitambaa. Hata tumbo lenyewe lina mambo ambayo hii haitakiwi kuyafunika. Mtu anapungua, chakula kinakwama, choo cheusi, anatapika damu. Huyo aje atazamwe, asiendelee kumeza nyumbani."

Otilia aligeuza uso ukutani. Alikuwa akiliona blanketi lililokunjwa na mama yake.

"Na sasa kuna jingine," daktari aliendelea. "Hiki kidonge kipya kinazuia damu isigande kwenye kijibomba. Omeprazoli inakidhoofisha. Kwa hiyo hizi mbili hazikai nyumba moja. Siku tumbo likikuunguza kweli, njoo, ipo dawa nyingine. Usiazime kwa jirani."

"Daktari," Maricruz akasema, "mwambie basi na hasira aache."

Daktari alivuta kiti. "Nisikudanganye. Hasira kali inausukuma moyo mbio, kama ngazi zinavyousukuma. Dawa zikishakaa sawa tutaona anaweza nini. Lakini mshipa huu haukuzibwa na ugomvi wa maji. Umezibwa na mafuta, na sukari ambayo hakuna aliyempima, na miaka."

"Andika hiyo," Otilia alisema kutoka kitandani. "Andika, uweke na muhuri."

Nabor alikuwa akizungusha kofia mikononi. "Na mtu akiwa mpole, daktari?"

"Moyo hausomi tabia, mzee."

Maricruz alicheka. Nabor naye akacheka, kidogo, akarudia kuzungusha kofia.

Otilia alirudi nyumbani Jumamosi Kuu, akapandishwa kwa kiti kile kile. Kengele za Pasaka zilipolia, Ánimas nzima ilikaa tayari kama watu wanaongoja fataki. Maji hayakuwapo, takataka zilikuwa mlima, mitungi ilikuwa mizaha. Otilia alilala mpaka saa sita mchana.

Jumatatu alikalishwa mlangoni kwenye jua, blanketi magotini. Aliambiwa asipande wala kubeba chochote kwa muda. Chini kabisa, lori la Baldomero lilikuwa limeegeshwa. Nabor alikuwa akipanda na mfuko wa unga begani. Otilia alimtazama, akatambua jambo la ajabu: katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona Nabor akipanda kichochoro kile kwa mbele. Siku zote alikuwa nyuma yake.

Nabor alifika kwenye kijumba cha Bikira. Alitua mfuko. Akavua kofia. Lakini mkono haukwenda kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba. Ulikwenda chini ya mfupa wa kifua, ukabonyeza. Macho hayakumtazama Bikira, yalikuwa yamefumbwa, na midomo haikusali, ilikuwa imebanwa. Alikaa hivyo muda wa sala ndefu. Kisha alivaa kofia, akabeba mfuko, akapanda akitabasamu.

"Ulikuwa unasali nini pale?" Otilia aliuliza.

"Salamu Maria. Kama kawaida."

"Nabor. Tangu lini?"

Alitua mfuko mlangoni. Aliangalia unga kwenye viatu vyake. "Tangu kabla ya sikukuu ya wafu."

"Na kapsuli zangu?"

"Moja moja tu, Oti. Moto ulipozidi, mbili." Alisema kwa upole ule ule uliowafurahisha watu wote. "Sikutaka kusumbua. Mgonjwa alikuwa wewe. Na kila mtu alisema mimi sina kiungulia."

Basi hasira ikamjia. Ilimjia yote, ya Kwaresima nzima, ya mtungi na maji na takataka, lakini iliyotangulia haikuwa hiyo. Ilikuwa ya tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa, ya makaburini, na aliipokea kama mtu anayempokea nduguye kituoni. Alisimama, blanketi likaanguka.

"Umesimama nyuma yangu miezi yote hii unakufa kwa adabu," alisema, na madirisha yakaanza kufunguka kichochoro kizima. "Mimi natangazwa mji mzima kwa nyongo, natembea na kadi ya walevi, na wewe uko pale unamdanganya Bikira kwa kofia. Mficha maradhi kifo humuumbua, Nabor, na aliyetakiwa kuumbuka ni mimi. Nikukute umelala miguuni pake, waje waseme alikuwa mtakatifu, hakuwahi kulalamika. Nimeshawahi kuzika mtakatifu mmoja. Wa pili simziki."

"Oti, moyo wako."

"Moyo wangu una bomba jipya. Wako una nini?"

Maricruz alikuwa ametoka jikoni, mkono mdomoni, akimtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Cuca naye alikuwa akipanda mbio, kijiko kikilia kwenye glasi, maana masikio yake yalisikia ugomvi na miguu ikafanya ilivyozoea. Alifika mlangoni akiwa na povu mkononi. Akamwangalia Otilia, akamwangalia Nabor aliye kijivu kama chokaa, akaimwaga glasi kwenye chungu cha maua bila kuambiwa.

Walishuka, taratibu, Maricruz katikati akiwashika wote wawili. Baldomero alipowaona wanamjia aliufunga mlango wa lori.

"Fungua," Otilia alisema. "Tunakwenda Pachuca."

"Doña Oti, nina mitungi ya kupeleka."

"Mitungi yako ni myepesi, haitachoka kungoja. Na ule wa Kwaresima tutauzungumza huko huko njiani."

Baldomero alifungua. Maricruz alibaki kumpigia simu daktari. Nabor alikaa katikati, kofia magotini, na lori likaanza kuteremka kwenye ukungu. Walipopita kona ya kwanza alisema kitu, kwa sauti ndogo, akishika taya. Kilimezwa na mngurumo wa injini.

"Sema kwa sauti," Otilia alimwambia.